Nyumba mbovu za Stockholm, na ile ya kwetu Mkunazini

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaandikia habari za theluji, na tangu hapo kimya. Wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama ni mzima. Mzima, alhamdulillahi. Kilichoniziba mdomo ni picha.

Wa nyumbani mnaijua. Ile aliyoituma binamu yangu, ya chumba cha juu Mkunazini: dari imeshuka nusu, boriti 2 zinaning'inia, na jua linaingia pale pale Bibi alipokuwa akiweka kitanda chake. Pamoja na picha ikaja karatasi ya onyo, kwamba nyumba ni hatari kwa wakaazi na wapita njia, na wenye nyumba wanatakiwa waitengeneze. Nilisoma maneno hayo, "wenye nyumba", nimekaa jikoni kwangu huku Tensta, chai imeshapoa. Nikajiuliza ni nani hao. Nikawahesabu kwa vidole, vikanishinda. Ni 11, na mmoja wao ni mimi.

Basi leo nataka kuwasimulia jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu siku ile: vipi mji huu ninaokaa ulivyohangaika na nyumba zake mbovu kwa zaidi ya miaka 100. Ni hadithi ndefu kidogo, tafadhalini mnivumilie. Mwisho nitarudi Mkunazini, maana ndiko ninakokwenda.

Kwa wasiojua, kazi yangu hapa ni uangalizi wa majengo. Nina bunda la funguo kiunoni, nazunguka kwenye magorofa, nabadilisha taa za ngazi, nazibua mabomba, naisikiliza lifti kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Mlangoni mwa kila jengo kuna karatasi imebandikwa. Ni cheti cha ukaguzi wa hewa. Tangu mwaka 1991 sheria ya Sweden inamtaka mwenye jengo akaguliwe mitambo yake ya kupitisha hewa kila baada ya miaka michache, na cheti kibandikwe pale watu wanapoweza kukisoma. Mwanzoni nilicheka. Nchi gani hii, nikasema, hata hewa ina cheti? Lakini mzee mmoja wa Kiswidi, fundi aliyenifundisha kazi na ambaye sasa amestaafu, aliniambia hivi: "Usicheke. Hizi karatasi zote tumezipata kwa taabu." Jumamosi moja akanichukua kwa miguu mjini kunionyesha taabu zenyewe. Mengi ya haya nilianza kuyajua siku ile, mengine nimeyasoma baadaye.

Tulianzia Gamla stan, maana yake Mji wa Kale. Mgeni yeyote akija Stockholm ndiko anakopelekwa kwanza. Vichochoro vyake vinanikumbusha kwetu hasa; kimoja, Mårten Trotzigs gränd, pale penye wembamba zaidi ni sentimita 90 tu, ukikutana na mtu mmoja wenu lazima ajibane ukutani. Leo nyumba za pale ni za bei mbaya. Lakini miaka 100 iliyopita mwenye uwezo hakupatamani. Ilikuwa familia nzima chumba kimoja, choo uani, na ua wenyewe umejazwa vibanda na nyumba za nyuma mpaka jua halifiki chini. Kifua kikuu kiliwamaliza watu.

Si kwamba sheria haikuwepo. Tangu mwaka 1874 miji ya Sweden ilitakiwa iwe na bodi ya afya ya kusimamia usafi na makazi. Lakini tafakarini wenyewe: ukimkataza maskini asikae kwenye chumba kibovu na usimpe kingine, atakwenda wapi? Atahamia kwenye kibovu zaidi, tena kimya kimya. Wako waliosema dawa ni kuubomoa mji wote wa kale na kujenga mpya. Kwa bahati haikuwa hivyo. Kati ya mwaka 1934 na 1936, chama kimoja cha wapenzi wa mji, Samfundet S:t Erik, kilichukua mtaa mmoja uitwao Cepheus kikajaribu njia nyengine. Walivunja vibanda na nyumba za ndani zilizoziba ua, wakaacha nyumba kongwe zinazotazama barabara, wakazitia mabomba na vyoo, na pale katikati wakafanya bustani. Jua likaingia. Mwaka huo huo wa 1936 ikaundwa kampuni ya manispaa, Stadsholmen, kwa ajili ya kushika na kutengeneza nyumba kongwe, na ipo mpaka leo.

Nilisimama kwenye ua ule na yule mzee, kuna miti na mabenchi. Akaniuliza, "Unaona walichofanya? Waliuliza kwanza ni kitu gani kinachoua, wakatoa hicho tu." Nikasema naona.

Kutoka pale tukavuka daraja kuelekea kaskazini, Norrmalm, mahali palipoitwa mitaa ya Klara. Nasema palipoitwa kwa sababu leo ukifika utaona kanisa la Klara limebaki kama mzee aliyeachwa peke yake barazani, na kulizunguka ni mabenki, maduka na maofisi. Zamani ilikuwa mitaa ya magazeti, ya waandishi, ya migahawa ya rahisi na mafundi wadogo. Nyumba nyingi zilikuwa kongwe na zimechoka. Sasa hapa ndipo hadithi inapoanza kuniuma, kwa hiyo someni taratibu.

Manispaa ya Stockholm ilikuwa na ndoto ya mji mpya wa kati. Mwaka 1945 baraza la madiwani likapitisha mpango mkubwa. Njia ya treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1950 upande wa kusini, na ilipotakiwa ipite katikati ya mji, ikaja hoja kwamba madhali ardhi itachimbwa, basi na mitaa ya juu ijengwe upya. Mwaka 1953 ikatungwa sheria maalumu, watu waliiita Lex Norrmalm, iliyoipa manispaa uwezo wa kutwaa eneo zima kwa kulipa fidia, si nyumba moja moja. Mpaka ubomoaji uliposimama miaka ya 1970, zaidi ya majengo 700 yalikuwa yameondoka. Badala yake yakasimama yale magorofa 5 marefu ya Hötorget mnayoyaona kwenye kadi za posta, na uwanja wa Sergels torg.

Ukiwauliza waliobomoa, walisema nyumba za Klara zimeoza. Na ni kweli zilikuwa zimeoza. Lakini zilioza vipi? Fikirieni wewe ndiye mwenye nyumba, na umeshasikia kwamba mtaa wako upo kwenye ramani ya kubomolewa. Hujui ni mwaka ujao au baada ya miaka 15. Utabadilisha paa? Utapaka rangi? Hata mimi nisingetia msumari. Na nyumba nyingi manispaa ilishazinunua yenyewe, ikawa ndiye mwenye nyumba, na yenyewe pia inasubiri siku ya kubomoa. Wapangaji wakapewa mikataba ya muda, ile ambayo mtu anapanga nyumba inayongoja kubomolewa: kodi nafuu, lakini siku ukiambiwa toka, unatoka. Mikataba ya namna hiyo ipo hapa mpaka leo, rafiki zangu wawili watatu wameikalia. Maji yakivuja unaweka ndoo. Ukilalamika unaambiwa, nyumba si inabomolewa?

Kwa hiyo mpango wenyewe uliziozesha nyumba, halafu uozo ukatajwa kuwa sababu ya mpango. Yule mzee alisema kwa Kiswidi neno moja ambalo kwetu ningelifasiri: kumnyima mtoto chakula halafu kumsema kwamba amekonda.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwatukana watu. Mwanasiasa anayelaumiwa zaidi kwa Klara ni Hjalmar Mehr, aliyezaliwa mwaka 1910, mtoto wa wahamiaji waliotoka katika dola ya Urusi wakiwa wanamapinduzi. Mtoto wa wageni kama watoto wetu huku. Yeye na wenzake waliyajua maisha ya vyumba vya giza na vyoo vya uani, na walitaka mtoto wa maskini apate bafu, jua na shule. Kati ya mwaka 1965 na 1974 nchi hii ilijenga nyumba karibu milioni 1, na Tensta ninayokaa mimi ni moja ya mitaa hiyo. Chumba ninachoandikia haya kina dirisha kubwa na kipasha joto kinachofanya kazi. Siwezi kukaa ndani yake halafu nikasema wale hawakuwa na nia njema. Kosa lao, kwa mtazamo wangu, ni kwamba hawakuona tofauti kati ya nyumba mbovu na nyumba iliyotelekezwa. Mbovu inahitaji fundi. Iliyotelekezwa inahitaji mwenyewe.

Wananchi ndio waliowakumbusha. Mei 1971 manispaa ilitaka kukata miti 13 ya mielmu katika bustani ya Kungsträdgården ili pajengwe mlango wa treni. Usiku watu wakapata habari, wakaja kwa mamia kisha kwa maelfu, wengine wakapanda juu ya miti. Wakapambana na polisi. Miti ikabaki, na bado ipo. Wakati wa kiangazi watu wanakunywa kahawa chini yake. Mji wa kati ulishabomolewa tayari, lakini tangu usiku ule ikawa vigumu kwa diwani kusema "bomoa" na asiulizwe kitu.

Halafu ikaja Mullvaden. Huku kila mtaa wa nyumba una jina lake, na huu uliitwa Fuko, yule mnyama anayechimba chini ya ardhi. Upo Södermalm, barabara ya Krukmakargatan, upande wa kusini wa mji ambako yule mzee wangu alizaliwa. Nyumba zilikuwa za zamani, manispaa imepanga kuzibomoa, na vijana wengi hawana pa kukaa. Mwishoni mwa 1977 wakaingia na kuzikalia. Wakazitengeneza kwa mikono yao, wakapika, wakafanya maonyesho na mikutano, majirani wakawa wanakuja. Walikaa karibu miezi 11. Septemba 1978 polisi wakauzingira mtaa kwa uzio, na baada ya siku kadhaa wakawatoa. Nyumba zikavunjwa.

Nikamwambia mzee, basi walishindwa. Akatikisa kichwa. Akasema watu wa Stockholm waliona kwa macho yao kwamba nyumba walizoambiwa hazifai kukaliwa, zilikaliwa. Baada ya hapo hesabu ilibadilika. Na kweli ukitazama miaka ile utaona mkondo umegeuka. Kuanzia 1984 serikali ilikuwa na mpango wa miaka 10 wa kutengeneza majengo ya zamani badala ya kuyavunja, ukaitwa ROT, herufi za mwanzo za maneno ya Kiswidi ya kukarabati, kubadilisha na kuongeza. Tena "rot" kwa Kiswidi ni mzizi! Na tangu Desemba 2008 mtu wa kawaida akimwita fundi kutengeneza nyumba yake anapunguziwa kodi ya mapato kwa sehemu ya gharama za ufundi. Jumba la makumbusho ya mji nalo limeyapa majengo rangi kwenye ramani: bluu, kijani, njano na kijivu. Nyumba ya bluu ni ile yenye thamani kubwa kabisa ya historia, hiyo huigusi ovyo.

Sasa nifike kwenye sheria zenyewe, maana kila mkinipigia mnauliza, "Huko kwenu mtu akiiacha nyumba yake inaanguka, serikali inamfanya nini?" Nitawajibu kwa ngazi, kama ninavyopanda kazini.

Ngazi ya kwanza: sheria ya mipango na ujenzi, ile ya sasa imeanza kutumika Mei 2011, inasema wazi kwamba jengo litunzwe na liwe katika hali nzuri. Hata kiwanja kitupu kitunzwe. Yaani kuitunza si hisani ya mwenye nyumba, ni wajibu unaokwenda pamoja na hati. Kila manispaa ina bodi ya ujenzi inayosimamia hilo.

Ngazi ya pili: ukishindwa, bodi inakuandikia amri, fanya hili na hili kabla ya tarehe fulani. Amri inaweza kuja na kiasi cha pesa utakachotozwa ukikaidi. Una haki ya kukata rufaa. Ukiendelea kukaidi, mahakama ya ardhi na mazingira inaweza kuamuru ulipe, na kazi yenyewe inaweza kufanywa kwa nguvu ya serikali na bili ikaja kwako.

Ngazi ya tatu, na hii ndiyo niipendayo: kuna sheria ya mwaka 1977 kuhusu usimamizi wa nyumba za kupangisha. Mwenye nyumba akipuuza kuitunza, manispaa au chama cha wapangaji kinaweza kwenda kwenye baraza linaloamua migogoro ya wenye nyumba na wapangaji. Baraza likiridhika, linamnyang'anya uendeshaji. Angalieni vizuri: halimnyang'anyi nyumba. Nyumba inabaki yake, hati ina jina lake, lakini kodi inakusanywa na msimamizi, na msimamizi ndiye anayeita mafundi. Mpangaji naye peke yake ana silaha yake. Anaweza kuliomba baraza limwamuru mwenye nyumba atengeneze, na kwa masharti fulani anaweza kuipeleka kodi yake kwa ofisi ya mkoa ishikwe mpaka mambo yaishe, na hahesabiwi kuwa ni mdaiwa.

Ngazi ya nne: nyumba ikitelekezwa vibaya mno, sheria inaruhusu kutwaliwa kabisa kwa fidia. Na ya mwisho kabisa: jengo lililochakaa sana na lisilotengenezwa kwa muda unaofaa, bodi inaweza kuamuru livunjwe.

Mmeona mpangilio? Zamani kubomoa kulikuwa mwanzo wa mazungumzo. Sasa kumewekwa mwisho, na kabla yake kuna swali moja linalorudiwa kila ngazi: ni nani anayewajibika leo? Kama wewe huwezi, nani badala yako?

Msije mkadhani hapa ni peponi, lakini. Baadhi ya magorofa ya miaka ya 1960 na 1970 yamechakaa, na yanapokarabatiwa kodi inapanda, na wako jirani zangu waliohama mtaa kwa sababu ya jiko jipya ambalo hawakuliomba. Waswidi wenyewe wana neno la mzaha mchungu kwa hilo, limechanganya ukarabati na kufukuzwa nyumba. Na yako majengo ambayo barua za amri zinakwenda na kurudi miaka mingi huku paa linavuja. Sheria nzuri haipandi juu ya paa yenyewe.

Haya, sasa turudi kwetu.

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe tunajua kwamba nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, na sakafu zake zimelazwa juu ya boriti. Nyumba kama hiyo inaweza kuishi miaka 200 ikiwa paa lake ni zima na chokaa inapakwa. Lakini maji yakipata mlango mmoja tu juu, boriti zinaoza vichwa pale zilipoingia ukutani, hakuna anayeona, mpaka siku zinaachia. Wengine wanapaka saruji wakidhani wanaimarisha, kumbe wanaufungia unyevu ndani. Bibi alikuwa akilijua hili bila kusoma popote. Kila kabla ya masika alikuwa anampandisha mtu juu kutazama mabati.

Na historia yetu ina Klara yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, wenyewe wamekimbia au wamenyang'anywa, zikagaiwa familia nyingi chumba chumba. Sitaki kufungua ugomvi wa siasa hapa, kila mmoja wenu ana yake. Nasema la nyumba tu: wenye kukaa hawakuwa wenye nyumba, na mwenye nyumba, yaani serikali, alikuwa na mambo mengine mengi na pesa kidogo. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, mwaka 1994 ukapitishwa mpango wa uhifadhi, na mwaka 2000 UNESCO ikautia mji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Yote hayo mema. Na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ikaporomoka wakati linafanyiwa matengenezo, na watu 2 wakafa. Kama jumba lile, linalojulikana dunia nzima, limeweza kuanguka, basi nyumba ya Bibi yetu nani ataishika?

Sasa niseme kweli, na najua wengine mtanikasirikia na wengine mtasema afadhali.

Miaka mitatu iliyopita, yule binamu yangu alisema paa la nyuma linavuja, tuchange. Mkumbuke nilijibu nini. Nilijibu "tusubiri". Kulikuwa na mtu anayeitaka nyumba kwa ajili ya hoteli, na mimi nikasema tusimpe sasa, bei itapanda, na kwa nini tutie pesa kwenye paa kama huenda tutauza? Wengine mkaniunga mkono, kwa sababu mimi ni wa Ulaya na ninajua mambo ya majengo. Nilikuwa nakwenda kazini kila asubuhi kubadilisha taa kwenye ngazi za watu, na jioni narudi kuandika "tusubiri". Na wakati wote huo Shangazi yuko chini pale pale, anaweka ndoo.

Nilikuwa mimi ndiye manispaa ya mwaka 1953. Nilikuwa na mpango, na mpango ukaiozesha nyumba. Nisingesoma habari za Klara nisingeona. Ndiyo maana nimekuwa kimya, jamaa zangu, ilikuwa ni aibu.

Kwa hiyo nina mapendekezo, na nimeyaandika hapa hadharani ili nisije nikayakana.

Kwanza, nyumba ipate msimamizi mmoja. Si mmiliki mpya, hati na mafungu yetu ya mirathi yabaki kama yalivyo kwa sheria ya Mungu. Lakini mtu mmoja apewe idhini ya maandishi na wote 11, ya kuita fundi, kupokea michango na kuweka hesabu. Mimi nasema awe Shangazi. Ndiye anayekaa, ndiye anayesikia maji usiku. Ami akiona ni mzigo kwake, basi binamu amsaidie kwa mambo ya mbio za ofisini, ikiwa ni pamoja na kwenda kujibu lile onyo kwa adabu na kuuliza tunaruhusiwa kutengeneza vipi, maana Mji Mkongwe hutii bati na saruji upendavyo.

Pili, paa kabla ya kitu chochote. Milango, rangi, umeme, vyote vingoje. Tunahitaji lizibwe kabla ya masika. Fundi awe wa chokaa, anayezijua boriti.

Tatu, kila mtu achange kwa kadiri ya fungu lake, na asiyeweza achange kwa kazi. Wa Maskati nimeshazungumza nao wawili, wamekubali. Mimi natuma fungu langu mwisho wa mwezi huu, na pamoja nalo natuma fungu la mtu mmoja zaidi, kwa ajili ya miaka 3 niliyowachelewesha.

Nne, mazungumzo ya kuuza au kutouza yafanyike baada ya paa. Pengine tutauza, sijui. Lakini tuzungumze tukiwa ndani ya nyumba isiyovuja. Anayeuza nyumba inayoanguka hana sauti, anauza kiwanja tu.

Jana nilimpigia yule mzee wangu nikamweleza yote. Aliuliza swali moja tu: "Huyo shangazi yako, chumba chake kipo upande gani, wa dari iliyoshuka au upande wa pili?" Nikajua ndilo swali ambalo lilitakiwa liwe la kwanza, na mimi sikuliuliza. Nikampigia Shangazi usiku ule ule. Yupo upande wa pili, alhamdulillahi, lakini anapita chini ya ile dari kwenda jikoni. Nimemwomba kuanzia leo apite njia ya uani. Alicheka, akasema, "Sasa ndiyo umejua nyumba hii ina uani?"

Mliopo karibu, tafadhalini mpitieni, mkamsaidie kuhamisha vyombo vya jikoni upande wa pili. Msingoje mimi. Wengine niandikieni mnaonaje, hata kama ni kunisema.

Wasalaam, ndugu yenu wa Tensta.